Kuku wamechanjwa mdondo, mbona wamekufa?

SWALI: Shikamoo mzee. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Kibaigwa. Vifaranga wangu walipofika wiki mbili na ushee walizubaa, wakaharisha nyeupe, wachache wakafa. Bwana mifugo akasema ni Gumboro. Waliobaki walichangamka, nikawachanja mdondo kwa tone la jicho. Baadaye mdondo ukaingia kijijini, ukanifagilia banda zima. Jirani tulichanja siku moja, kichupa kimoja, na kuku wake wazima. Je, niliuziwa chanjo mbovu?
Mama Vifaranga, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kama kichupa kilikuwa kimoja na kuku wa jirani wanadunda, muuza dawa simlaumu. Namshuku huyo Gumboro.

Ukimpasua kifaranga, tazama juu ya tundu la kinyesi, upande wa mgongoni. Utaona kifuko cha duara, ndani kina mikunjo. Fabricius, tabibu wa Italia, alikieleza katika kitabu kilichotoka 1621, lakini kazi ya kifuko haikujulikana hadi 1956, Bruce Glick na wenzake kule Ohio, Marekani, walipoonyesha kuwa kuku aliyeondolewa kifuko hicho angali mdogo hatengenezi kingamwili, yaani askari wa mwili wanaokamata vimelea, ipasavyo. Zaidi ya miaka 300 watu wanachinja kuku na kukitupa tu!

Sasa sikiliza umaskini wa kuku. Binadamu tuna makumi ya jeni, yaani maelekezo ya urithi, za kuchanganya ili tupate kingamwili za kila aina. Kingamwili huundwa kwa minyororo ya aina mbili, mzito na mwepesi. Kuku, kwenye sehemu ile inayokamata kimelea, ana jeni moja tu inayofanya kazi kwa mnyororo mzito wa kingamwili, na moja kwa mnyororo mwepesi. Pembeni zimelala jeni bubu: 25 hivi za mnyororo mwepesi, na 80 au zaidi za ule mzito. Ndani ya kifuko, chembe nyeupe za damu hunakili kipande kutoka jeni bubu hii, kipande kutoka ile, na kukitia kwenye jeni inayofanya kazi, kama fundi cherehani anayeshona viraka tofauti kwenye kanzu za kitambaa kimoja. Kazi huanza kifaranga akiwa bado ndani ya yai. Kuku akipevuka, kifuko husinyaa.

Virusi vya Gumboro hushambulia chembe hizo hizo. Siku za mwanzo nikipasua nakuta kifuko kimevimba, kimezungukwa na ute wa manjano, na mapajani kuna michirizi ya damu. Baada ya wiki moja hivi kimenywea. Kifaranga aliyeugua mapema atakula na kunenepa, wewe useme amepona, kumbe viraka havikushonwa. Ukimdondoshea chanjo ya mdondo, mwili hauna cha kuijibu sawasawa.

Kundi lijalo, wengi huku huchanja Gumboro siku ya 14 na kurudia ya 28. Usikimbilie siku ya kwanza: kingamwili za mama zilizotoka kwenye kiini cha yai huiua chanjo. Kwa kuwa banda lako limeshaugua, mwulize bwana mifugo kama kuna haja ya kuwahi kidogo. Chanjo ya maji ipe asubuhi, vifaranga wakiwa na kiu, na maji ya bomba yatie kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, maana dawa ya kusafishia maji ya bomba huiharibu chanjo. Maranda ya zamani yatoe yote uyachome, kwa sababu virusi hivi hudumu miezi bandani. Kama kuna kuku waliosalia, usiwachanganye na vifaranga wapya.