Kutazama ndege Tabora wakati wa kipupwe: simama, zima gari

Kama una siku moja tu ya kutazama ndege Tabora, ichukue Julai, na usiende mbali.

Mwezi huo jua linachomoza karibu saa moja asubuhi, na baridi ya alfajiri inamtoa mtu na sweta. Ndege nao wanaisikia. Utawakuta tetere na keremkerem wamejipanga kwenye nyaya za umeme, manyoya yametutumka, wanaota jua bila haraka ya kuruka. Hizo saa mbili za mwanzo usizipoteze kwenye chai. Ikifika saa nne wengi wameshaingia vivulini.

Safari yangu ya kwanza niliiharibu kwa mwendo. Nilitoka mjini na gari la kuazima kuelekea Urambo, nikitaka kufika kila mahali siku hiyo hiyo. Pori la miombo likapita dirishani kilomita baada ya kilomita, na zaidi ya kunguru na yangeyange sikuona kitu. Nikaamini ndege wamekwisha. Shemeji yangu, ambaye ni mfugaji nyuki, akaniomba nisimame kando akaangalie mizinga yake. Nikabaki ndani ya gari, vioo juu kwa ajili ya mbung'o.

Robo saa ikapita kimya. Kisha akatua mramba mmoja, mweusi ti, mkia umegawanyika mwishoni kama mkia wa samaki. Nyuma yake kigong'ota akipanda shina huku akigonga. Wakaja goregore watano au sita, wanapiga kelele kama watu wanaochekeana, halafu chozi, halafu wadogo wengine ambao majina yao sikuyajua. Mti uliokuwa mtupu ukajaa kwa dakika kumi hivi, kisha kundi zima likasogea mbele na pori likanyamaza tena.

Ndivyo miombo ilivyo wakati wa kiangazi. Ndege wa aina nyingi hutembea pamoja wakitafuta wadudu: macho mengi humwona mwewe mapema, na mramba anadaka kile wenzake wanachokifurusha kwenye magome na majani. Kwa hiyo unaweza kuendesha saa nzima usione kitu, kwa sababu kundi liko mahali pamoja na wewe uko pengine. Kulikimbiza haisaidii. Chagua sehemu tatu au nne, na kila moja ipe angalau nusu saa.

Ukisimama, usishuke. Ndege wanaogopa miguu ya binadamu kuliko gari lililotulia. Zima injini kabisa, maana mtetemo wake unatikisa darubini. Kwa kazi hii darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 10 hutetemeka zaidi mkononi. Shusha kioo nusu, kunja khanga, iweke juu ya ukingo wa kioo na uegemeze darubini hapo. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi, basi vaa kaki, na usipuuze habari ya malale.

Ukiona moshi, simama mbali, upande unakotoka upepo. Keremkerem wekundu, wale wanaozaliana kwenye kingo za mito kusini, Zambia na kwingineko, hufuata moto kudaka panzi wanaokimbia. Ni wazuri mno kuwatazama, lakini mioto yenyewe siipendi: nimeona mizinga iliyoungua, na inauma.

Nusu ya asubuhi ipeleke bwawa la Igombe. Ni chanzo cha maji, kwa hiyo ongea na walinzi kwanza. Mwaka jana nilimwona pale ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Nikadhani ana miguu sita. Kumbe ni baba, amebeba vifaranga chini ya mabawa, na vijiguu vyao vinaning'inia nje. Kwa ndege hao dume ndiye anayeatamia na kulea.

Bonde la Malagarasi na Muyovozi, ambalo mwaka 2000 liliingia kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ni safari nyingine, ya siku kadhaa na mtumbwi. Anayekuahidi yule korongo mkubwa mwenye mdomo kama kiatu kwa siku moja ya gari, usimpe pesa yako. Na ukitaka wageni wa Ulaya, mbayuwayu na korongo weupe wanaokimbia majira ya baridi ya kwao, ngoja Novemba mpaka Machi. Ila wakati huo mbuga zimelowa, na udongo mweusi ule ukimeza tairi, utalala hapo hapo.

Siku ile ya kwanza, shemeji alirudi na kipande cha sega kwenye jani. Kabla ya kupanda gari alimega kidogo akakiweka juu ya kisiki. "Haki yake," akasema. Nikasogeza gari hatua ishirini, nikazima. Haukupita muda, ndege kiongozi, yule anayewaongoza watu kwenye asali, akashuka, wa rangi ya vumbi, na weupe pembeni mwa mkia, akaanza kudonoa nta.