Nilimfufua Marehemu, Wasomaji Wakanizomea

Jumamosi usiku nilituma kwenye grupu sehemu ya 60, ya mwisho, ya hadithi yangu ya kulipia kuhusu mjane Mwanaidi, nikaweka simu chaji nikalala nikijisifu. Asubuhi nikakuta ujumbe wa dada mmoja ambaye hajawahi kuchelewa kulipa: "Da' mwandishi, samahani kama nitakukwaza. Miezi minne nimemlilia Mwanaidi. Leo unamleta baba yake kutoka Msumbiji na utajiri wa rubi, anainunua nyumba, kwisha? Si tulimzika sehemu ya 9? Mbona hata matanga tulikaa?"

Nilikasirika, nisifiche. Watu 14 walitoka kwenye grupu siku hiyo, na mwandishi mwenzangu mmoja, ambaye kazi zake nazisambaza bure, akaweka emoji tatu za kucheka. Hadithi ile niliiandika usiku, mtoto mgongoni, umeme wenyewe wa kubahatisha.

Lakini tangu sehemu ya 30 hivi sikujua Mwanaidi angeipataje nyumba aliyodhulumiwa na shemeji zake. Kila sehemu nilikaza fundo: hati imeibwa, shahidi kahongwa, wakili kafa. Fundo likikazwa watu wanalipa. La kulifungua nikasema litajulikana hukohuko. Kufika 58 nikachoka, nikafukua kaburi.

Jambo likitokea kwa bahati tu namna hiyo, walimu wa fasihi huliita sadfa, na sadfa si dhambi. Ikimwingiza mhusika matatani, msomaji anaimeza. Ikimtoa, anaitema.

Nilijifariji kwamba hata wakubwa walisemwa. Maigizo ya Wayunani yalikuwa na winchi ya kumwonyesha mungu juu ya jukwaa mambo yakishindikana. Mwaka 431 KK mtunzi wao Euripides alimtorosha mhusika wake Medea, aliyetoka kuwaua wanawe, kwa gari la mungu Jua lililopita angani. Kwenye shindano la mwaka ule akawa wa tatu kati ya watatu. Baadaye mwanafalsafa Aristotle akaandika kwamba kisa kifunguke kutoka ndani yake chenyewe, si kwa mashine, na mfano akautoa kwa Medea huyohuyo. Mimi namtetea Euripides kidogo. Jua ni babu yake Medea, tumeshaambiwa mapema, na hata joho la sumu alilomuulia binti mfalme lilikuwa urithi wa babu huyo. Gari lile lilikuwa na ukoo. Baba wa Mwanaidi alikuwa na nini? Kaburi tu.

Basi nikamwandikia yule dada, kwa ubishi kusema kweli, nikamuuliza yeye angemalizaje. Akajibu kwa mstari mmoja: "Lile kopo la biskuti liliishia wapi?"

Nilikaa kitandani nikashika kichwa. Sehemu ya 14, Mwanaidi anapanga vyombo, anakuta kopo lenye stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka 11, zote kwa jina la marehemu mumewe. Nililiandika kama pambo, ili chumba kisiwe kitupu, nikalisahau. Ushahidi wa kesi nzima ulikuwa juu ya kabati, na mimi nahangaika na migodi ya Msumbiji!

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika hadithi za kuendelea, mkikwama msitazame mlangoni nani aingie. Rudini mkasome mlichoandika. Ajali inayomuua adui asubuhi ya hukumu, pacha aliyepotelea sokoni, "kumbe alikuwa anaota", acheni! Ni uvivu, na nasema hivyo mimi niliyeufanya. Mtu aliyetoa 1,000 yake anakumbuka kopo ambalo wewe mwenyewe umelisahau. Someni kazi zenu. Kabla ya kutuma, someni tena.

Naandika upya kuanzia sehemu ya 52. Waliolipa hawatalipa tena. Wale 14 mkitaka kurudi, karibuni. Yule wa emoji atalipa mara mbili.