Biashara isiyokua si lazima ife

Umeuliza kama kampuni isiyoongeza mauzo kila mwaka lazima ife. Hapana. Cha kutazama kwanza ni nani anaimiliki. Mwenye hisa aliye mbali anataka hisa zake zipande bei, basi meneja hana budi kukimbizana na mauzo. Umiliki ukibadilika, shinikizo hilo hupungua.

Tazama Mondragon, iliyoko katika eneo la Wabaski huko Hispania. Ilianza mwaka 1956, na leo ni muungano wa vyama vya ushirika vinavyomilikiwa na wanachama wanaofanya kazi humo, wenye wafanyakazi wapatao 70,000. Kila mwanachama ana kura moja, awe fundi au mkurugenzi, na pengo la mishahara limewekewa kikomo. Fagor, kampuni yao ya majokofu na mashine za kufulia, ilipofilisika mwaka 2013, wanachama wengi walihamishiwa vyama vingine au walistaafishwa mapema. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa mno: kampuni ilikufa, wanachama wengi hawakutupwa.

Ila nao wanauza nje na kushindana sokoni kama wengine, kwa hiyo ushirika peke yake hauondoi mbio za kukua. Unawapa wafanyakazi uwezo wa kuamua wakimbie kiasi gani.