Mafuta yaliyomwagika baharini: adhabu ya kupigiwa takbira?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto, naishi Chongoleani, Tanga. Mume wangu ni mvuvi, nami nachokoa pweza maji yakikupwa. Ustadhi wetu alituonyesha darsani video ya mafuta yaliyomwagika baharini Marekani mwaka 2010, watu wakapiga takbira kwamba Allah kawaadhibu. Mimi nilisema nawaonea huruma, nikaambiwa huo ni udhaifu wa imani. Kisha kwenye mkutano wa mtaa mume wangu akauliza: mafuta ya bomba linalotoka Uganda yakimwagika hapa kwetu, nani atatulipa? Ustadhi huyo huyo akamjibu mbele za watu kwamba hana tawakkul, yaani hamtegemei Allah, na la Allah halizuiliki, kazi yetu ni dua. Tangu hapo mume wangu hakanyagi msikitini. Je, tumekosea? Na maji ya bahari yakiingia mafuta, yafaa kutawadhia?

JIBU: Waalaykumus salaam, mwanangu. Hamkukosea, si wewe wala mumeo. Maswali ni mengi, lakini la kwako nimelitanguliza kwa sababu mtu kauhama msikiti kwa kuuliza jambo la haki, na hilo limenikosesha raha.

Tuanze na hizo takbira. Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, mtambo wa kuchimbia mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka. Wafanyakazi 11 wakafa. Kisima kilikuwa cha kampuni ya BP, kwenye kina cha maji cha mita kama 1,500, na mafuta yakabubujika kwa siku 87. Serikali ya Marekani ilikadiria mapipa milioni 4.9. Uchunguzi ukaonyesha kwamba saruji ya kuziba kisima haikushika, kipimo cha mgandamizo kilifasiriwa vibaya, na chombo cha kufunga kisima wakati wa hatari hakikufunga. Mwaka 2014 jaji akatamka kuwa kampuni ilizembea uzembe mkubwa.

Sasa ustadhi atuambie: hapo aliyeadhibiwa ni nani? Waliofungiwa bahari ni wavuvi wa kamba wa jimbo la Louisiana, wakiwemo Wavietnamu wengi waliokimbia vita kwao na kuanza maisha upya kwa nyavu. Wale 11 waliacha wajane na mayatima. Na Allah anasema katika Surat Al-An'am kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine.

Najua watakusomea aya ya Surat Ar-Rum, kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini. Waambie waimalize. Inasema ni kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Haikusema mikono ya Wamarekani. Aya inatuelekeza tuutazame mkono uliofanya, nao wanaisoma ili wautazame moto na kufurahi. Na habari ya kwamba msiba fulani ni adhabu kwa watu fulani ni ya ghaibu, na wahyi umekwisha kukatika. Maji ya tsunami yalipoizoa Aceh kule Indonesia mwezi Desemba 2004, nchi ya Waislamu, sote tulisema ni mtihani. Likitupata sisi mtihani, likiwapata wao adhabu: mizani ya wapi hiyo? Surat Al-Maida inatuonya kwamba chuki yetu kwa watu isitufanye tukakosa uadilifu.

Hata hasira ya haki inaweza kumkosa mwenye kosa. Wamarekani wengi walisusia vituo vya mafuta vyenye nembo ya BP, kumbe vingi ni mali ya wafanyabiashara wadogo waliochukua nembo tu.

Nije kwa mumeo. Maneno aliyoambiwa yana sura ya dini, lakini Umar bin Khattab, Allah amridhie, aliyakataa zamani. Alipozuia msafara kuingia Sham kwenye tauni akaulizwa, unakimbia qadari ya Allah, yaani aliyokwisha kuyapanga? Akajibu kwamba tunaikimbia qadari ya Allah kuiendea qadari ya Allah. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Ustadhi akiibiwa pikipiki leo, atalala au atakwenda polisi? Mbona ya bahari pekee ndiyo iachiwe dua? Louisiana yenyewe ilitangaza siku ya maombi, tarehe 27 Juni 2010, na madai mahakamani haikuyaacha.

Tena zitazame kauli mbili za ustadhi pamoja. Ya Marekani ni adhabu, ya kwetu ni qadari. Kote kuwili aliyezembea hatafutwi. Mtume alituhadithia watu wa jahazi moja, waliokaa chini wakataka kutoboa tundu ili wapate maji karibu. Wakiachwa wote wanaangamia, wakizuiwa wote wanaokoka. Mumeo aliuliza kabla ya tundu. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia mlangoni kwenu, na meli zitapakia mafuta ghafi karibu na matumbawe mnayovulia. Kuuliza nani atalipa ni haki yake kisheria pia, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mchafuzi alipe.

Nashauri asiulize peke yake tena. Aende na wavuvi wenzake, kupitia kikundi chenu cha ulinzi wa bahari, na swali liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Na kuanzia sasa wekeni daftari: siku, samaki waliopatikana, bei mliyouza, na wewe pweza wako andika. Kule Ghuba waliokuwa wakilipwa mkononi bila karatasi walihangaika sana kuthibitisha hasara yao. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni. Sijui kwa nini sisi watu wa pwani tunaisoma sana na kuifuata kidogo.

Ama msikiti, mumeo asimwachie ustadhi nyumba ambayo si yake. Usimsukume kwa maneno. Ijumaa mwandalie kanzu, umwambie kuna sheikh amesema yeye hakukosea. Na ustadhi msimvunjie heshima kama alivyomvunjia mumeo. Mzee mmoja amwendee faragha baada ya Alasiri, amkumbushe kauli ya Umar.

Kuhusu udhu: katika madhehebu yetu ya Shafi, mafuta yanayoelea bila kuchanganyika hayayaondolei maji sifa ya kutwaharisha. Lakini mafuta ghafi hugandama mwilini yakazuia maji kufika kwenye ngozi, hivyo lazima yaondolewe kwanza. Nayo yana sumu, basi tawadheni kwa maji ya bomba au kisima. Samaki atakayenuka mafuta msimle, na kumuuzia mtu bila kumwambia ni ghushi. Wallahu a'lam.