Kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo

Mdogo wangu, umeeleza kwamba unasoma sayansi ya kompyuta Dar es Salaam, umetuma barua pepe kwa kampuni kumi na hujajibiwa hata moja. Chukua barua ya utambulisho chuoni, uipeleke mwenyewe masjala ya ofisi unayoomba nafasi, na uhakikishe nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu muhuri huo ndio utakaokupa ujasiri wa kurudi wiki inayofuata kuulizia. Usikimbilie kampuni za simu tu, ambako kila mwanafunzi amepanga foleni. Halmashauri, hospitali na hata SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) zina mitandao na kanzidata zinazohitaji watu. Kama wewe ni mnufaika wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, angalia mapema iwapo umepangiwa fedha za mafunzo kwa vitendo.

Ukishapata nafasi, jaza kitabu cha kumbukumbu kila jioni, na kisainiwe na msimamizi wako kila Ijumaa. Mimi nililimbikiza wiki tatu, msimamizi akahamishiwa Mwanza, na mhadhiri alipokuja kukagua akakuta kurasa zisizo na saini. Ukipewa kazi ya kuvuta nyaya za mtandao tu, kama wengi wetu tulivyoanza, andika ni waya wa aina gani, mita ngapi, na kwa nini swichi (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao) iliwekwa ghorofa ile.