Surf yenye giaboksi ya otomatiki iliyokufa: kabla hujafunga nyingine

Kwa dalili ulizotaja (Hilux Surf ya 1997, V6 ya 5VZ-FE, ikitoka gia ya 2 injini inapanda mizunguko tu gari haliendi, mafuta meusi yananuka kuungua), fundi wako anayetaka mtumba wa Japani huenda yuko sahihi. Hapo una A340F, giaboksi ya otomatiki ya Toyota yenye gia 4, na mafuta yakishanuka hivyo mara nyingi klachi za ndani zimekwisha. Ila usinunue kitu kabla hujajua kilichoiua. Ukifunga nyingine bila kujua, nayo itakufa vilevile.

Kwanza umeme, kwa sababu ni bure. Fungua kisanduku cha daiagnosi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kitufe cha ovadraivu kikiwa ON. Hesabu jinsi taa ya O/D OFF inavyopepesa. 62 (mipepeso 6, kisha 2) na 63 ni solenoidi, yaani vali za umeme, za kubadili gia, 64 ni ya loki ya konveta (bakuli la mafuta linalopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi), 42 ni sensa ya spidi. Solenoidi nzima inasoma kati ya omu 11 na 15.

Kisha chomoa plagi ya solenoidi na uendeshe taratibu. A340 bila umeme inabaki na presha ya mafuta peke yake: slekta kwenye L inatoa gia ya 1, kwenye 2 inatoa gia ya 3, kwenye D inatoa ya 4. Kama hizo zinashika bila kuteleza, ubovu uko kwenye waya, solenoidi au kompyuta, wala usishushe kitu. Kama ya 3 inateleza hata hapo, shusha.

Sasa muuaji. Kwenye gari hizi wa kwanza kushukiwa ni rejeta. Mafuta ya giaboksi yanapozwa kwenye kikopo kilicho ndani ya tanki la chini la rejeta, na kikitoboka maji yanaingia kwenye giaboksi. Kwenye kijiti cha kupimia utaona povu la pinki, na karatasi za klachi zikinyonya maji gundi inaachia. Ukiona pinki popote, rejeta hiyo haifai tena, nunua nyingine. Hata kama haijatoboka, imejaa unga wa klachi, kwa hiyo safisha mirija na kipozeo kwa dawa ya kuyeyusha grisi, kisha upulizie upepo kinyume cha njia ya mafuta mpaka kitoke safi.

Wa pili ni kebo inayotoka kwenye throto kwenda giaboksi. Wengi huidhani ya kikidauni tu (kushusha gia ukikanyaga mafuta mpaka mwisho), kumbe ndiyo inayoiambia giaboksi ipandishe presha ya mafuta. Ikilegea, klachi zinabana kwa presha ndogo na kuungua polepole. Mwenzako akanyage pedali ya mafuta mpaka mwisho, wewe upime nafasi kati ya mwisho wa mpira na kizuizi kilichobanwa kwenye kebo: 0 hadi 1 mm.

Ukienda kununua, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, usikubali giaboksi bila konveta yake. Linganisha idadi ya pini za plagi, na hakikisha nyuma inapokea transfa yako (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Giaboksi iliyotoka kwenye dizeli ya 1KZ ina mdomo (sehemu ya mbele inayofungwa kwenye injini) na konveta tofauti. Mdomo unaweza kuhamishwa, lakini giaboksi yenyewe haikuwekwa kwa injini yako. Mwambie muuzaji afungue sampu (beseni la mafuta chini ya giaboksi). Tope la kijivu laini kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa au vya rangi ya shaba, achana nayo. Muuzaji anayekataa kufungua sampu ameshakupa jibu.

Kushusha: toa betri hasi, mwaga mafuta, weka alama ya rangi kwenye flanji za propela zote mbili ili zirudi zilipokuwa, toa bomba la ekzosi la mbele, stata, plagi zote na kebo. Zungusha injini kwa bolti ya puli ya mbele na utoe bolti 6 za konveta moja moja, kabla ya kugusa bolti za mdomo. Bolti za juu za mdomo zinafikiwa kwa ekstensheni ndefu kutokea nyuma, baada ya kuteremsha mkia wa giaboksi. Pamoja na transfa inapita kilo 100, kwa hiyo tumia jeki ya giaboksi na mnyororo.

Ikiwa chini, badilisha sili ya pampu, sili ya nyuma ya krenki, chujio na maundingi ya giaboksi. Kagua flaiwili kama ina nyufa kuzunguka bolti za krenki.

Hapa ndipo giaboksi nyingi nzima zinapouawa: konveta isiyokaa. Isukume huku ukiizungusha. Itazama kwa hatua, mpaka iingie kwenye meno ya pampu. Mdomo unatakiwa ugusane na injini kwa mkono, na konveta ibaki inazunguka huru. Kukiwa na mwanya, usivute kwa bolti. Utapasua pampu kabla hujawasha. Bolti za mdomo za spana namba 17 kaza 71 Nm, za konveta 41 Nm. Ikiwa moja ya konveta ina rangi tofauti, hiyo inaanza. Za sampu 7 Nm tu.

Nunua lita 12 za mafuta ya giaboksi ya otomatiki, Dexron III. Tia lita 4 kabla ya kuwasha, washa, ongeza, pitisha slekta kila gia ukikanyaga breki. Mrija wa kurudi kutoka kipozeo uelekeze kwenye ndoo kwa lita 2 za kwanza, huku ukiongeza yanayopungua, kisha zima na uunganishe. Pima kiwango kwa kijiti injini ikiwa inaunguruma, slekta P, mafuta yakiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80. Baada ya kilomita 500 mwaga ya kwenye sampu na uangalie sumaku tena.