Wasomaji Wanauliza: Pointi nne za Heffelfinger

SWALI: Mhariri, salaam. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba mwaka 1892 William Heffelfinger alilipwa dola 500 kwa mechi moja ya futiboli ya Kimarekani, na timu yake ikashinda 4–0. Nne zilipatikanaje? Na tunaweza kuucheza mchezo wa enzi zake kwenye kiwanja chetu cha soka?
Mwalimu wa michezo, Temeke

JIBU: Mwalimu, nne ndiyo ilikuwa thamani ya tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani; sita zilikuja mwaka 1912. Siku hiyo, 12 Novemba, akiichezea Allegheny Athletic Association, aliokota mpira uliomponyoka mpinzani akakimbia nao hadi nyuma ya mstari wa goli. Teke la nyongeza lilikuwa na pointi 2, ila halikufanikiwa.

Kucheza mnaweza. Kiwanja cha wakati ule kilikuwa yadi 110 kwa futi 160, yaani mita 100.6 kwa 48.8. Kwenye kiwanja cha soka cha mita 105 upana si tatizo. Tatizo ni urefu: nyuma ya kila goli inabaki mita 2 na ushei tu, na anayefunga lazima apate pa kugusisha mpira chini. Punguzeni ziwe yadi 100 (mita 91.4).

Chora mistari ya chokaa kila yadi 5, sawa na mita 4.57. Pima kwa kamba, usihesabu hatua. Ukizungusha kipimo kuwa mita 4.5, kufika mwisho wa kiwanja utakuwa umepungukiwa karibu mita moja na nusu, halafu watoto wataanza kubishana, na watakuwa na haki. Mistari hiyo ndiyo roho ya mchezo: timu ina majaribio matatu kusogea yadi 5, ikishindwa inatoa mpira. Kabla ya sheria hiyo ya 1882 timu ziliukumbatia mpira tu. Mwaka 1881 timu ya chuo cha Princeton ilikaa nao kipindi kizima, ya chuo cha Yale ikakaa nao kingine, matokeo 0–0.

Kila upande una wachezaji 11. Kurusha mpira mbele ni marufuku (kuliruhusiwa 1906), kwa hiyo wote watajazana katikati. Ndivyo ulivyokuwa. Tumieni mpira wa raga. Wa futiboli wa siku hizi ni mwembamba mno. Ila kuangushana msikuruhusu, mguso wa mikono miwili unatosha. Wachezaji wa wakati huo hawakuwa na kofia ngumu, wengi walifuga nywele ndefu ziwakinge kichwa. Na wakishikana kuunda kabari ya watu inayomsukuma mbeba mpira, piga filimbi mara moja.

SWALI: Heffelfinger alipokuwa chuoni Yale, huko nako alilipwa?
Msomaji, Sinza

JIBU: Hapana, huko Yale alikuwa mchezaji wa ridhaa, 1888 hadi 1891, na mara tatu alitajwa kwenye kikosi bora cha Marekani. Alicheza gadi, kwenye mstari wa mbele, lakini alikuwa akichomoka mahali pake kwenda kumfungulia njia mbeba mpira, na kabari za wapinzani alizirukia kwa magoti. Mwaka 1892 ndipo Allegheny wakaandika kwenye daftari lao la hesabu dola 500 za kucheza na 25 za nauli. Ukurasa huo ndio unaomfanya ahesabiwe mchezaji wa kwanza wa kulipwa. Baadaye alifundisha timu za vyuo vya California, Lehigh na Minnesota.